Bendera nane za ukingo wa ziwa: uchambuzi wa kisa cha oda ya maonesho, Mwanza

Usuli

Karakana inayohusika ina mafundi wanne na cherehani tano, hatua chache kutoka maduka ya vitambaa ya Makoroboi, Mwanza. Mkate wao wa kila siku ni sare za shule, mapazia na mashuka ya nyumba za wageni. Bendera walikuwa wameshona mara mbili tu, zote za vyama vya michezo. Majina ya watu, ya karakana na ya shule yameondolewa, na tarehe za kazi zimesogezwa siku chache.

Mwanzoni mwa Aprili shule moja ya sekondari ya Ilemela ilileta oda ya bendera nane kwa ajili ya maonesho ya Siku ya Muungano. Mwalimu wa Historia alitaka wanafunzi waone kwa macho, si kwa picha za kitabuni, bendera zilizohusika na upande huu wa Ziwa Victoria: ya Wajerumani, ya utawala wa Waingereza, ya chama cha TANU, ya Tanganyika 1961, ya Zanzibar 1964, ya Jamhuri ya Muungano, kisha za majirani wawili wanaochangia maji haya, Uganda na Kenya. Kipimo kilikuwa sentimita 90 kwa 135 kila moja. Kukabidhi: 22 Aprili.

Karakana iliomba kwanza barua ya shule yenye muhuri. Bendera ya Taifa inalindwa na sheria, na fundi anayeishona bila karatasi yoyote mkononi anajitafutia maswali ya bure. Barua ilikuja siku hiyohiyo. Michoro haikuja. Kilichokuja ni ukurasa mmoja wenye jedwali la safu tatu: mwaka, rangi, maana ya rangi. Karibu kila kilichoharibika baadaye kilianzia kwenye safu ile ya tatu.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza zilinunuliwa tetroni (kitambaa cha nyuzi za viwandani) za kijani, nyeusi, bluu, nyekundu, nyeupe na njano. Njano iliyopatikana ilikuwa ya ndimu, ile inayokaribia kuwa kijani ukiiweka juani. Kijani kilikuwa kile kizito kinachojaa madukani wakati wa kampeni, kwa sababu ndicho kinachouzika. Hakuna aliyebeba kipande cha bendera halisi kwenda kulinganisha.

Bendera ya Wajerumani ilikuwa nyepesi: mistari mitatu, nyeusi juu, nyeupe katikati, nyekundu chini. Lakini jedwali liliagiza kichwa cha simba katikati. Fundi mmoja alikuwa ameshaanza kumkata simba kwenye karatasi kabla ya kuuliza simba anatazama upande gani. Swali hilo ndilo lililookoa kitambaa. Mwalimu alirudi kutafuta na kukuta kwamba nembo ya simba ilikuwa sehemu ya michoro iliyopendekezwa kwa makoloni ya Ujerumani mwaka 1914. Vita ikaanza, na mchoro haukuwahi kutumika. Waingereza walipoitwaa Mwanza mwaka 1916, hakuna simba aliyeteremshwa kwenye mlingoti wowote.

Ya Waingereza ilikuwa nyekundu, Union Jack, yaani bendera ya Uingereza, kwenye pembe ya juu karibu na mlingoti, na kichwa cha twiga upande wa kupepea, ule ulio mbali na mlingoti. Hapa mafundi walikiri mapema kwamba hawataweza kuishona kwa muda uliobaki. Mishazari myekundu ya Union Jack haikai katikati ya ile myeupe. Imesogezwa, na inasogezwa kinyume kila robo. Waliamua ichapwe kwenye duka la mabango.

Ya TANU ilishonwa kijani, nyeusi, kijani, na katikati ya rangi fundi akaweka mistari miwili ya njano, kwa sababu jedwali lilisema njano ni madini na nchi ilikuwa na madini tangu zamani. Ya Tanganyika ikapata kosa kubwa zaidi. Kwenye safu ya maana palikuwa na maneno yanayokaririwa na kila mtoto wa shule ya msingi: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Maana nne, rangi nne. Fundi akashona kijani juu, njano, nyeusi, njano, na bluu chini. Ikawa bendera nzuri sana, ambayo haijawahi kupepea popote duniani.

Ilitundikwa kwenye kamba ya karakana kwa siku mbili bila mtu kushtuka. Siku ya tatu mzee mmoja mstaafu alikuja kupunguziwa suruali. Aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

“Shikamoo babu. Suruali yako iko tayari.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo ni ya nchi gani?”

“Ya Tanganyika babu, ya mwaka 61.”

“Ya 61 ilikuwa kijani juu na kijani chini. Bluu mmeitoa wapi? Bluu ilikuja na Wazanzibari.”

Mwalimu alipigiwa simu, akaitiwa pia ile ya TANU. Zote mbili zikafumuliwa jioni hiyo.

Ya Zanzibar nayo ilikuwa imekatwa vibaya kwa sababu nyingine. Picha iliyopakuliwa kwenye simu ilikuwa ya bendera ya sasa ya Zanzibar, yenye bendera ndogo ya Muungano kwenye pembe ya juu. Hiyo imeanza kutumika Januari 2005. Ya mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, ilikuwa na mistari ya bluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi, bila bendera nyingine ndani yake.

Bendera ya Muungano ndiyo iliyokula muda. Mafundi walichukua vipimo kutoka bendera ya shule iliyokuwa mlingotini. Kwa maneno ya ofisi ya shule ilikuwa ya sentimita 120 kwa 180, kwa hiyo kuzidisha kila kipimo kwa 0.75 kungetoa 90 kwa 135 bila shida. Futi ilisoma 120 kwa 171. Fundi akadhani shule imekosea kuandika, akakopi alichokiona, akanyoosha kidogo hapa na pale. Mkanda mweusi ukatokea upande wa kupepea chini ya pembe badala ya kuishia kwenye pembe. Zaidi ya hayo, baada ya kupigwa pasi, mshono wa mshazari ulijikunja kama pindo la gauni la kucheza ngoma. Mkanda ulikuwa umevutika karibu sentimita 3.

Za majirani zilimalizia. Ya Kenya haikuleta tabu isipokuwa mistari myembamba myeupe, ambayo mtu akiishona baada ya rangi kubwa huishia kuwa na unene tofauti. Ya Uganda ilikosewa mara mbili. Kwanza ilianza na nyekundu juu. Mpangilio ni nyeusi, njano, nyekundu, kisha hivyohivyo tena. Halafu korongo mwenye taji akatokea anatazama upande wa kupepea. Fundi alikuwa amechora ndege nyuma ya kitambaa, akakata, akageuza.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya kufumua, mafundi na mwalimu walikaa saa moja na kuandika upya oda. Uamuzi wa kwanza: safu ya maana itolewe kabisa kwenye karatasi ya fundi. Badala yake kila bendera ipate mchoro wenye vipimo, mshale unaoonesha upande wa mlingoti, na mwaka ilipoanza kutumika. Maana zibaki kwa mwalimu, ziende kwenye vibao vya maelezo.

Uamuzi wa pili ulihusu mshazari. Kwa bendera ya 90 kwa 135, mstari wa pembe hadi pembe ni sentimita 162 na kidogo, na unalala nyuzi 33.7 kutoka ukingo wa chini. Ukikata vipande vyote vikifuata mwelekeo uleule wa nyuzi za kitambaa, kingo za mkanda zinakuwa za mshazari, na ukingo wa mshazari huvutika kwa uzito wake tu, achilia mbali mkono wa fundi. Walibadili hivi:

1. Mkanda mweusi na mistari miwili ya njano ilikatwa kwa urefu wa kitambaa, sambamba na ukingo wake wa kiwandani, kila kipande sentimita 175 ili ncha zibaki za kupunguza.
2. Pembetatu mbili zilipigwa mshono mmoja wa kushikilia, milimita 6 kutoka ukingo wa mshazari, kabla hazijaguswa na chochote.
3. Karatasi ya kaki ya ukubwa kamili ilitandazwa mezani, mstari wa pembe hadi pembe ukachorwa, na mkanda ukapangwa ili katikati ya nyeusi ipite juu ya mstari huo. Kosa la kawaida ni kupanga ukingo wa mkanda kwenye pembe. Nyeusi yote inahamia upande mmoja na pembetatu zinakosa kulingana.
4. Pini kila sentimita 8, mshono kutoka katikati kwenda nje, bila kuvuta.
5. Ncha zilikatwa mwisho kabisa, mstatili ukishakamilika, kisha upindo.

Upana wa mkanda na wa mistari ya njano haukukisiwa. Waliupima kwenye bendera ya shule, ambayo kwa upana ilikuwa bado nzima, wakazidisha kwa 0.75.

Uamuzi wa tatu: njano ya ndimu irudishwe dukani, ichukuliwe iliyoiva, ya kiini cha yai. Mtaani tunasema njano, lakini kinachokusudiwa ni dhahabu, na ukiwa Mwanza, Geita ikiwa jirani, huna kisingizio cha kutojua dhahabu inafananaje. Kijani nacho kilibadilishwa kwa kile cha wastani, baada ya kubeba kipande cha mfano hadi dukani na kukitazama nje juani, si chini ya taa.

Uamuzi wa nne ulihusu uwiano. Bendera za Kiingereza za aina ile zina uwiano wa 1 kwa 2. Ukiibana ya twiga iwe 90 kwa 135, twiga anakuwa mnene na Union Jack inafinyika. Walikubaliana kimo kiwe sawa kwa zote, sentimita 90, na ile ya Waingereza iachwe iende hadi 180.

Matokeo

Bendera saba zilikabidhiwa 22 Aprili. Ya twiga ilifika 24 kwa sababu duka la mabango lilipewa picha ndogo, twiga akatoka na kingo zenye ngazi, ikabidi achorwe upya kwa mkono. Hasara ya kitambaa ilikuwa mita 6, nyingi ikiwa njano na bluu. Karakana na shule waligawana nusu kwa nusu, jambo ambalo kwa maoni yetu liliipendelea shule kidogo, maana jedwali lilikuwa lao.

Vibao vya maelezo viliandikwa upya. Kibao cha bendera ya Muungano awali kilisema “Bendera ya Tanzania, 26 Aprili 1964”. Hiyo ni tarehe ya Muungano. Bendera ilipitishwa 30 Juni mwaka huo, na jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi 29 Oktoba. Kwa miezi minne, basi, nchi ilikuwa na bendera hii tunayoijua ikiwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.

Tatizo moja halikuonekana hadi baadaye. Maonesho yalipokwisha, mtu aliichukua bendera ya Muungano iliyoshonwa kwa ajili ya ukutani akaipandisha mlingotini kwenye kilima cha shule, mahali upepo wa ziwa unapovuma mchana kutwa. Upindo wa upande wa kupepea ulikuwa na mshono mmoja. Ndani ya wiki saba pembe ya juu ilikuwa imechanika hadi kwenye nyeusi.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa la cherehani. Mwalimu alianza na maana akarudi nyuma kutafuta mchoro, wakati bendera hizi zilikwenda njia ya kinyume: kitambaa kilitangulia, maelezo yakafuata. TANU ilikuwa na kijani, nyeusi, kijani. Uhuru ulipofika 9 Desemba 1961 ikaongezwa dhahabu katikati ya rangi hizo, ikawa bendera ya Tanganyika. Kenya walifanya jambo lilelile mwaka 1963: nyeusi, nyekundu na kijani za chama cha KANU, kisha mistari myeupe, ngao na mikuki. Uganda ni mfano mkali zaidi, kwa sababu kulikuwa na mchoro mwingine kabisa wakati chama cha DP kikiwa madarakani, wa kijani, bluu na kijani ukiwa na korongo wa njano katikati. DP waliposhindwa uchaguzi wa Aprili 1962, mchoro ule ukawekwa kando, na uliochukua nafasi yake ni wa Grace Ibingira, huu wa mistari sita. Kijani na bluu ziling'oka, ndege akabaki. Ukimuuliza mwanafunzi maana ya rangi za Uganda atakutajia Waafrika, jua na udugu, na atakuwa sahihi. Ila maana hizo hazitamwambia kwa nini kijani na bluu ziliondoka.

Bluu yetu ndiyo iliyoleta ubishi mkubwa siku ya maonesho. Wanafunzi wa Mwanza wamekua wakiamini kwamba ule ubluu ni Ziwa Victoria. Hawajakosea, kwa sababu maana inayofundishwa ni maji yote: bahari, maziwa na mito. Lakini kitambaa cha bluu hakikutoka Mwaloni wala Kamanga, hapa ukingoni mwa ziwa. Kiliingia kutoka Unguja mwaka 1964, kutoka bendera ya bluu, nyeusi na kijani. Bendera ya Tanganyika ilipepea hapa ukingoni mwa ziwa zaidi ya miaka miwili bila alama yoyote ya maji, na hakuna aliyelalamika kwamba ziwa limesahaulika. Kibao kipya kilitenganisha mambo hayo mawili katika safu mbili: “rangi ilitoka wapi” na “maana inayotajwa”. Huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, na uligharimu karatasi moja.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vya uraia haviligusi, kwa sababu ni la wanaoshika kitambaa. Kutoka mistari ya kulala kwenda mshazari, matunzo ya bendera yalibadilika. Bendera ya Tanganyika ilikuwa na kijani juu na chini. Huwezi kuipandisha kichwa chini hata ukitaka. Ya Muungano unaweza, na inatokea. Alama ya haraka ni kwamba kijani lazima kiguse mlingoti kwa juu, ukiitazama kutoka upande wowote. Nyuma ya bendera mkanda unaonekana unapanda kuelekea kushoto, na hilo si kosa. Wachoraji wa ukutani wanaochora kwa kutazama picha iliyopigwa upande wa nyuma ndio hukosea. Kwa sababu hiyo karakana sasa inashona kitanzi juu na kamba ndefu chini, ili mpandishaji asilazimike kufikiri saa 12 asubuhi.

Na hapo ndipo zile sentimita 171 zinapopata maelezo. Upepo wa ziwa hula bendera kuanzia upande wa kupepea. Dawa ya kila mtu ni kukata sehemu iliyochakaa na kupiga upindo mpya. Kwenye mistari ya kulala dawa hiyo haina madhara: bendera inafupika, mistari inabaki ileile. Kwenye mshazari kila sentimita unayokata inashusha mkanda. Bendera ya 120 kwa 180 ikipunguzwa hadi 171, katikati ya nyeusi inatokea sentimita 6 chini ya pembe, na bluu inapungua kuliko kijani. Shule ilikuwa imekarabati bendera yake kwa nia njema, labda mara mbili au tatu, na mafundi wakakopi ukarabati wakidhani wanakopi bendera. Anayepima bendera kuukuu aangalie kwanza uwiano: gawanya urefu kwa upana, na usipopata 1.5, iache.

Kwa bendera ya nje, upindo wa upande wa kupepea upigwe mishono minne sambamba, kwa uzi wa poliesta na si wa pamba, na pembe zote mbili ziwekewe kiraka cha pembetatu kwa ndani kabla ya kukunja. Ikianza kuchanika, kinachoruhusiwa ni kufumua upindo na kuukunja tena ndani ya sentimita 1 au chini ya hapo. Zaidi ya hapo inateremshwa.

Bendera ya shule ya sentimita 171 ilipendekezwa iondolewe mlingotini. Hadi uchambuzi huu unaandikwa ilikuwa bado juu, ikisubiri fungu la ununuzi la muhula unaofuata.